Balungi na Moshi, Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, ya utani tu. Imekoma kabla sijafungua mwavuli.

Wifi alikuwa ananingoja dukani. Alinisukumia daftari hili juu ya meza ya kioo, akasema, "Kaka yangu alikuwa anaandika yeye, wewe ukisema. Sasa utasema na kuandika mwenyewe."

"Wifi, mimi lugha ya manukato siijui."

"Nani kakuomba lugha? Andika unachonusa."

Mwenzangu amefariki wiki saba zilizopita. Alikuwa fundi wa manukato, yale ya mafuta, ya kudondosha tone kwa tone. Dada yake anauza mbele, yeye alikuwa anachanganya chumba cha nyuma. Ameacha chupa moja kubwa, iliyojaa hadi nusu, kazi ya miaka miwili, haina hata jina. Ni ya balungi, moshi, na ile harufu ya mkoba mpya wa ngozi. Mama mmoja mwenye duka la maharusi aliwahi kusema ataichukua ikikamilika. Amesema atarudi mvua zikiisha. Wifi naye amesema lake: mama huyo akiikataa, chumba cha nyuma anampa fundi simu, na habari ya kuchanganya itakuwa imekwisha. Atabaki kuuza chupa zinazokuja kwenye maboksi.

Mimi nafanya kazi kiwanda cha maziwa, chumba cha baridi, mwaka wa kumi na moja sasa. Napanga kreti. Kule haturuhusiwi kujipaka chochote, kwa sababu maziwa hudaka harufu upesi kuliko jirani anavyodaka umbea. Ndiyo maana mwenzangu alikuwa akinisubiri jioni. Kiwanda kiko mtaa wa pili tu. Nikiingia mlangoni, hata viatu sijavua, nasikia, "Lete mkono." Wa kushoto. Tone moja chini ya kiganja. Miaka yote hiyo nimepakwa hivyo, kila alichotengeneza.

Leo nimejipaka mwenyewe, tone la chupa ndogo aliyonimiminia Wifi, saa kumi na mbili kasoro. Mwanzo ni balungi, lakini si maji yake. Ni ganda linapokunjwa kwa vidole na ule unyevu ukarukia machoni. Baadaye kidogo mkoba mpya. Moshi uko mbali, kama wa nyumba ya tatu, mtu anapika na hana haraka. Nilipokuwa naosha vyombo nikanusa tena. Balungi bado lipo, limekaa chini ya moshi kama mtu aliyejitanda shuka jembamba.

Ni nzuri sana. Sijui niandike nini zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Kama jana. Nzuri.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua mchana kutwa. Nilichelewa kujipaka, viatu vilikuwa vimejaa maji. Ile harufu ya mkoba leo ilikuja polepole, ikawa laini kama mshipi uliovaliwa miaka hadi ukajua tumbo la mwenyewe. Mwenzangu alikuwa na mshipi wa hivyo. Alipoanza kukonda alitoboa tundu jipya kwa msumari, akaniambia mshipi ndio umenenepa.

Jumapili, 9 Machi

Nimejipaka saa nne asubuhi, baada ya kufua. Balungi limeondoka kabla sijamaliza kuanika. Moshi umebaki peke yake, kama mgeni asiyejua kuaga.

Labda ni mimi. Jumapili alikuwa ananisomea gazeti kwa sauti, mpaka matangazo ya viwanja.

Jumatano, 12 Machi

Nzuri. Sana.

Jumamosi, 15 Machi

Kazi nusu siku. Nikapita dukani. Wifi alikuwa amempaka mwoka mikate wa jirani, mama mwenye mikono kama mihimili, ametoka kwenye tanuri na unga hadi kwenye nyusi. Alijinusa mara moja tu.

"Mama, umenipaka nini? Mimi tanuri nimeliacha kule, wewe umeniletea jingine huku!"

Wifi akacheka na watu waliokuwepo, lakini yule mama alipotoka, uso wa Wifi ukashuka. Akanyoosha mkono wake mwenyewe. "Hebu nusa hapa."

Nikanusa. Kiatu kilichoungua. Hakuna balungi, hakuna mkoba, ni kisigino cha kiatu kilichosahauliwa karibu na jiko.

"Na wewe unaniandikia nzuri, nzuri, nzuri sana," alisema. "Wifi, wewe kila cha kaka yangu kwako ni asali. Angekuchanganyia mafuta ya taa ungesema yananukia waridi."

Nilirudi nyumbani bila kuaga vizuri. Nimeandika ninachonusa. Sijaongeza.

Jumapili, 16 Machi

Jua kali kidogo kati ya mvua. Mafuta yamenikasirikia tena. Moshi mtupu. Sikumwambia mtu.

Jumatatu, 17 Machi

Nzuri. Nilitaka kukimbia dukani na mkono wangu hewani. Nikaona aibu.

Jumamosi, 22 Machi

Nilikwenda kumsaidia Wifi kufuta rafu kwa sababu maji yameingia chini ya mlango. Nilikuwa sijawahi kukaa chumba cha nyuma na yeye. Siku zote nilimjua kama mtu wa mbele: sauti kubwa, bangili, "karibu mpenzi, jaribu hii." Leo nimemwona akifungua chupa za mwenzangu moja moja. Hachomeki pua. Anapitisha kifuniko mbali na uso, anafumba macho, halafu anatoka mpaka mlangoni kuvuta hewa ya barabarani kabla ya kugusa nyingine. Ubani aliuita "huyu." "Huyu ana limau ndani yake, umewahi kumsikia? Sikiliza." Nikanusa, na kweli, ndani ya ubani kulikuwa na limau dogo kavu.

"Nani alikufundisha?"

"Baba. Alitufundisha wote wawili siku moja, meza moja. Halafu akaamua mimi nina mdomo, yeye ana pua. Mwenye mdomo akawekwa mbele." Akafunga chupa. "Mdomo ninao kweli, sikatai."

Nimemjua miaka kumi na tisa. Nilidhani anauza tu.

Jumapili, 23 Machi

Mbaya.

Jumapili, 30 Machi

Mbaya. Nimeanza kuziogopa Jumapili.

Alhamisi, 3 Aprili

Wifi aliuliza kama nimelala vizuri. Nikasema ndiyo. Akasema, "Muongo," akanipa ndizi mbili.

Jumatatu, 7 Aprili

Mashine ya baridi imekufa kiwandani. Maziwa yamepakiwa kwenye magari ya barafu, sisi tukapelekwa chumba cha kuoshea chupa. Mvuke, maji ya moto, vifuniko. Msimamizi anasema wiki nzima. "Mlizoea kuishi kama samaki, sasa mtaiva," alisema, akafurahi na utani wake.

Jioni nimejipaka. Moshi. Moshi tu.

Jumanne, 8 Aprili

Moshi.

Jumatano, 9 Aprili

Kiatu kilichoungua, kama kwenye mkono wa Wifi. Nimefungua chupa yangu ndogo, ile Wifi aliyonimiminia kwa kujaribia, nikadhani imeharibika. Mdomoni mwa chupa inanukia vilevile. Basi nimeharibika mimi.

Nimekaa kitandani na mkono mapajani. Nilikuwa najiambia amekufa lakini mkono wangu bado unamjua. Leo mkono haumjui.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nitaandika kirefu.

Tulitoka mapema kwa sababu maji yalikatika. Nilifika nyumbani saa tisa, mvua imetulia. Nikasoma daftari hili tangu mwanzo, kwa kuwa sikuwa na lingine la kufanya. Nzuri, nzuri, nzuri, mbaya. Nzuri, mbaya. Nzuri, mbaya. Kila mbaya ni Jumapili. Halafu wiki hii yote mbaya, na wiki hii si Jumapili.

Nikajiuliza Jumapili nafanya nini. Nafua, naanika, napika, nakaa juani. Nikajiuliza siku nyingine natoka wapi. Natoka kwenye chumba cha baridi. Mikono yangu hukawia kupata joto. Mwenzangu alizoea kusema amemuoa chura. Wiki hii nimetoka kwenye mvuke.

Nilishuka kwa muuza soda nikanunua barafu, nikaitia kwenye ndoo na maji. Nikazamisha mkono wa kushoto mpaka vidole vikauma. Wa kulia nikauacha. Nikafuta, nikadondosha tone hapa na tone hapa.

Kulia: balungi likapita kama mtu aliyekosea nyumba. Moshi ukaingia na viatu vyake.

Kushoto: ganda likikunjwa. Unyevu. Mkoba mpya. Moshi wa nyumba ya tatu.

Nilikaa sakafuni na mikono miwili mbele yangu, nikinusa huku na huku. Sasa najua. Miaka miwili alipima mafuta haya kwenye mkono mmoja tu, tena dakika ileile ukitoka kwenye baridi. Joto hufukuza balungi, na baridi hulizuia. Aliongeza moshi kidogo, nikasema sawa. Akaongeza tena, nikasema sawa. Mkono wangu ulibeba moshi ambao mikono ya watu haiwezi kuubeba. Pua yake haikukosea hata kidogo. Alikosea mkono.

Katika watu wote wa dunia hii, ametengeneza kitu kinachomfaa mmoja.

Nililia, halafu nikacheka, halafu nikajinusa tena.

Jumamosi, 12 Aprili

Sikwenda dukani. Nilimtumia Wifi ujumbe kwamba kichwa kinauma.

Kichwa hakiumi. Nikimwambia, atarekebisha. Anaweza, nimemwona. Na akirekebisha, haitakuwa hii tena. Nikinyamaza, mvua zitaisha, yule mama atakataa, fundi simu ataingia, na hakuna atakayetaka chupa ya kiatu kilichoungua. Wifi angenipa tu. Ningekuwa nayo mpaka mwisho wangu, tone moja kila jioni.

Jumapili, 13 Aprili

Sikujipaka.

Jumatatu, 14 Aprili

Mashine imepona. Mkono umepona. Nzuri sana, na nimeona haya kuinusa.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemwambia.

Nilikwenda na ndoo, na barafu ndani ya mfuko. Wifi alidhani nimeleta samaki. Nikamwomba akae, nikamzamisha mkono. Alipiga kelele, "Wewe! Unaniosha maiti ningali hai?" Mteja mmoja akatoka bila kununua. Nikamfuta, nikadondosha.

Alinusa. Akanusa tena. Akatoka mpaka mlangoni kuvuta hewa ya barabarani, akarudi, akanusa mara ya tatu. Mkono tayari ulikuwa umeanza kupata joto, na balungi lilikuwa linaondoka mbele yetu.

"Hivi ndivyo alivyokuwa anainusa?" aliuliza.

"Hivi ndivyo."

Akakaa. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mwezi wa mwisho, mwenzangu alipokuwa hawezi tena kusimama kwenye meza, alimpaka yeye. Naye Wifi akamwambia, "Kaka, pua yako imekufa. Acha." Mwenzangu hakubisha. Alisema tu, "Muulize mke wangu." Na yeye hakuniuliza. Alidhani nitasema asali.

"Nimemzika mtu nikiamini kazi yake ilimfia kabla yake," alisema. "Na ilikuwa nzima."

Nikamshika begani. Mwili wake una moto kama wa mtoto mwenye homa. Kumbe ndivyo alivyo siku zote. Sikuwahi kumgusa.

Baadaye alijifuta kwa kitambaa cha kufutia chupa, akaniuliza tangu lini najua. Nikasema Ijumaa. Akahesabu kwa vidole. Akafika Jumanne. Akanitazama.

"Siku nne," alisema. "Mimi ningekaa nayo mwaka."

Jumamosi, 19 Aprili

Kuna tatizo. Kupunguza moshi ni rahisi kusema. Moshi ule mwenzangu alipika mwenyewe, kwa magome ndani ya debe, matone meusi yakitoka kwenye bomba kama lami nyembamba. Hakuandika ni magome ya mti gani. Wifi amejaribu moshi wa kununuliwa: unanuka hospitali. Kwa hiyo moshi pekee tulionao ni ule uliokwisha kuchanganyika ndani ya ile chupa kubwa. Ili ipatikane ya kumtosha mwenye duka la maharusi, lazima chupa yote iingie, itanuliwe kwa ubani, majani ya mchungwa na balungi jipya.

"Yote?" niliuliza.

"Yote. Na ile ndogo iliyoko kwako." Hakunitazama. "Siku nne nyingine ukitaka, chukua."

Jumapili, 20 Aprili

Nimejipaka mara tatu leo, kwa ndoo. Nimejipaka kama mtu anayekula kabla ya safari.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimepeleka chupa ndogo. Wifi aliipokea kwa mikono miwili.

Hakumimina palepale. Kwanza alifanya majaribio saba ya matone, akaandika kila moja kwenye kipande cha karatasi, akihesabu kwa midomo bila sauti. Mwoka mikate aliitwa, akaitika kwa shingo upande. "Leo mnaniunguza wapi?" Fundi simu naye aliitwa, yuleyule anayekitaka chumba. Alitoa mkono bila hiyana, akasema kama manukato yatafaulu atakosa ofisi lakini atapata mchumba.

La tano lilikuwa bora. Wifi hakushangilia. Alisema, "Limau la ubani limekaa, lakini limekaa kama limefungwa kamba. Nataka likae kwa hiari." Akapunguza majani, akaongeza ubani tone moja. Tone moja tu! Harufu nzima ikakaa sawa, kama meza uliyoitilia karatasi chini ya mguu mfupi.

Nikamwambia angekaa chumba cha nyuma miaka yote. Akasema, "Nani angeuza? Kaka yangu? Alikuwa anamwambia mteja ukweli."

Halafu akamimina. Nilisimama pale. Mafuta ya mwenzangu yalishuka mazito, yenye rangi ya chai, yakaingia kwenye yale meupe na kupotea. Sikufumba macho.

Jumamosi, 26 Aprili

Imewekwa kabatini iive. Wiki tatu, hakuna kufungua. Mvua.

Jumatano, 7 Mei

Mvua nyembamba. Jioni nimefika nyumbani, nikasimama mlangoni na mkono mtupu.

Jumapili, 11 Mei

Wifi alikuja nyumbani, mara ya kwanza tangu maziko. Alisoma gazeti kwa sauti bila kuombwa, kwa sababu miwani yangu ilikuwa imevunjika mguu. Matangazo ya viwanja aliyaruka.

Ijumaa, 16 Mei

Siku tano bila mvua. Mama wa duka la maharusi amepiga simu. Anakuja kesho kutwa.

Jumamosi, 17 Mei

Tumefungua chupa. Mwoka mikate alipakwa saa tatu asubuhi, akaamriwa arudi kwenye tanuri lake afanye kazi kama kawaida. Saa saba tukamfuata. Jasho, unga, trei za mikate, joto la kukausha macho. Wifi akaniambia, "Nenda wewe. Wewe ndiye unayeijua."

Nilishika ule mkono mkubwa nikainama. Kulikuwa na mkate, ndiyo. Halafu ganda linalokunjwa. Halafu mkoba mpya, unaolainika. Moshi ulikuwa nyumba ya tatu, na aliyekuwa anapika hakuwa na haraka.

Nilikaa hapo muda mrefu kuliko adabu.

"Dada," alisema mwoka mikate, "unanusa au unanila?"

Nikamwambia ni mume wangu aliyeitengeneza. Akajinusa mwenyewe, taratibu safari hii, akasema, "Basi alikuwa mtu mpole." Kisha akafoka kwa sababu mikate ilikuwa inaungua.

Jumapili, 18 Mei

Mama wa duka la maharusi ameipaka mikono yote miwili, akazunguka mtaani kwa saa mbili, akarudi. Ameichukua. Anataka nyingine kama hiyo, na akiambiwa haipatikani, basi anataka inayofuata.

Fundi simu amesema ataendelea kufanyia kazi chini ya ngazi, na je, habari ya mchumba imefikia wapi.

Jumatatu, 19 Mei

Kavu. Barabara ina vumbi tena.

Nilitoka kazini nikapita dukani, nikajipaka ile mpya. Kwenye mkono wangu ni nyepesi, karibu limau tupu. Moshi haufiki. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ninavyonusa. Wifi alisoma nikiwa bado naandika, akaniwekea mkono mgongoni.

Alikuwa tayari ameanza nyingine. Kuna kitu cha kijani ndani yake, na asali, na sijui nini. Akachovya mrija wa kioo, akageuka.

"Lete mkono."

Nikanyoosha wa kushoto. Akaugusa, akashtuka. "Baridi hii!" Akaweka mrija chini. Akauchukua mkono wangu katikati ya viganja vyake vya moto, akaanza kuusugua, kutoka kiwikoni hadi kwenye vidole, bila haraka, na mteja akiita mbele, "Hodi! Hakuna mtu?"

"Subiri," Wifi akajibu. "Bado hatujawa tayari."